Rumonge Kwanza

Mujukuu wangu aliweka telefone yake juu ya meza yangu ya ndagala, hapo hapo katikati ya mizani na makopo ya kupimia, akaniambia, "Koko, angalia. Hii njo safari yetu."

Niliangalia. Niliona mustari wa bluu. Ulitoka Uvira, ukavuka mpaka, ukaingia Bujumbura. Kisha, badala ya kushuka na ziwa kama muntu mwenye akili zake, ukapanda milimani na kuzunguka Burundi yote kama mbuzi aliyekata kamba. Rumonge ulifika mwisho kabisa, kisha ukarudi nyumbani ukifuata maji.

"Sasa Rumonge tunafika lini?"

"Siku ya mwisho, koko. Tutakuwa tumekwisha kuona vizuri vyote, hata maporomoko ya maji."

Nilisukuma ile telefone pembeni nikaendelea kupepeta ndagala. Mama mmoja alikuwa anasubiri kopo lake, na nisingeweza kusema yaliyokuwa mudomoni mbele ya muteja.

Rumonge njo anakaa mudogo wangu. Aliolewa kule na muvuvi, akazaa kule, akasahau hata namna yetu ya kupika sombe, majani ya muhogo. Tulizaliwa wengi kwa mama yetu, tumebaki sisi wawili. Na macho yake yanazimika. Sisemi anaona vibaya kama minye, ninayetia uzi katika sindano kwa kubahatisha. Yeye anaangalia dunia kama muntu anayechungulia kupitia chupa ya mafuta ya mawese, na kila nikimupigia simu mafuta yameongezeka uzito. Daktari alimwambia maneno mafupi: kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kinakwenda.

Siku aliyonielezea hayo alisema, "Yaya," maana minye njo mukubwa wake, "nataka nione uso wako mara moja tena. Kiisha macho ijifunge kama inataka."

Basi. Ni hiyo tu niliyoitaka katika safari nzima. Uso wangu huu ufike Rumonge mbele ya macho yake kabla mulango haujafungwa. Sikuomba maporomoko ya maji.

Lakini lazima niseme ukweli juu ya mujukuu wangu, kwa sababu ni mimi niliyemulea. Alizaliwa katika nyumba yangu hapa Kilibula, Uvira, akasoma kwa ndagala zangu, leo anafanya kazi Lubumbashi katika ofisi yenye baridi ya mashine. Katika ukoo wetu hakuna aliyemupita akili, nasema bila haya, na ndiyo maana ananichosha hivi. Alikuja katika konje yake, mapumuziko ya kazi, na gari ya rafiki yake, na wazo ambalo amelibeba tangu utoto.

"Koko," aliniambia jioni ile, tumeketi uani, "weye haujatembea hata siku moja kwa kufurahi. Ukienda Sange ni muchele. Ukienda Lubarika ni muhogo. Ukienda Bujumbura ni hospitali. Nataka ufike pahali uangalie tu."

"Niangalie nini?"

"Uzuri!"

Ni kweli sijawahi kwenda pahali kwa kupaangalia tu. Akaanza kunihesabia: kijito kidogo cha juu milimani wanachosema ndicho mwanzo wa Nili, maporomoko yanayoshuka katikati ya miti, maji ya moto yanayotoka mwambani, lile jiwe ambalo Wazungu wawili wa zamani waliandika majina yao. Kila pahali hoteli. Kila pahali picha. Macho yake yalimetameta kama ya mutoto aliyeona mukate.

Nikamuuliza, "Na kilio?"

"Kilio gani, koko?"

Nikajua kwamba Lubumbashi wamenirudishia mutoto nusu.

Mume wa mudogo wangu alifariki wakati mpaka umefungwa. Siku ile nililia hapa Kilibula, juu ya mukeka wangu, nikiangalia maji, na majirani wakalia pamoja nami. Kilio cha mbali hakitoshi. Kwetu, muntu ambaye hakufika kwa maziko, siku ya kwanza anapotia mguu ndani ya uzio wa lupango ile anaingia na kilio. Unaanza kulia barabarani, kabla ya kufika kwenye uzio, ili wakusikie unakuja. Unakuja na mwanaume wa kwenu wa kusema maneno, na chakula cha kupikia watu watakaoketi nawe. Unavaa kikwembe kilichochakaa, cheusi kama kiko, bila hereni, bila kitu cha kung'aa. Kabla hujalia, hata maji ya kunywa hupokei pale. Na njiani husimami kufurahi. Mguu unaokwenda kwa kilio unanyooka.

Nilimueleza yote hayo. Akasikiliza, kisha akasema polepole, kama muntu anayeongea na mugonjwa, "Koko, lakini babu ule alikufa zamani."

"Alikufa zamani kwa weye. Kwa minye atakufa siku nitakayofika."

"Sasa tukipita kwanza kwa maporomoko kuna ubaya gani? Hakuna atakayejua."

"Minye nitajua! Nitafika pale na vicheko vya jana mu meno, nianze kulia? Wale watu si vipofu wote!"

Neno lilinitoka hivyo.

Mwanaume wa kusema maneno ni mwanangu, mujomba wake. Huyu ni muvuvi wa ndagala, na ndagala wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mukubwa, samaki hawafuati taa, wavuvi wanakaa nyumbani wakishona nyavu na kugombana na wake zao. Kwa hiyo mwanangu ana nafasi wakati wa mbalamwezi tu. Mujukuu naye ana tarehe zake za konje, alizoandikiwa na mukubwa wake. Alipoambiwa tungoje mwezi alichukia.

"Yaani safari yote itategemea mwezi?"

"Muandikie barua," mwanangu alimujibu, anakula muhindi wake. "Umwambie uko na kazi Lubumbashi. Pengine atajaa mbele ya siku."

"Mujomba, minye naongea mambo ya maana."

"Na minye pia. Weye unataka nipigwe picha na jiwe. Minye naenda kusimama mbele ya wakwe za mama mudogo na kusema maneno. Unajua namna gani muntu anasimama mbele ya wakwe akitoka kuogelea?"

"Utakaa nyuma, pamoja na glasiere."

"Glasiere iko ya nini?"

"Vinywaji vya baridi. Matunda. Ni safari ndefu!"

"Na muchele wa kilio utakaa wapi?"

Kwa maana nilikuwa nimekwisha kutuma muntu Sange aniletee gunia la muchele, ule muzuri wa uwanda. Tulilijaribu ndani ya gari. Likiingia gunia, glasiere inatoka. Ikiingia glasiere, gunia linakaa kwenye kiti changu. Tulitoa, tukaingiza, tukatoa, majirani wamesimama barabarani wanatoa mashauri. Mwisho nilimwambia mujukuu, "Weka barafu yako juu ya kichwa, minye siendi kulia na glasiere." Akacheka, nami nikacheka kwa hasira, na gunia likabaki ndani.

Nilifikiri nimeshinda. Alifuta mustari wake wa bluu akachora mwingine: kuvuka mpaka, Bujumbura, moja kwa moja kando ya ziwa, Rumonge. Kulia. Kulala kwa mudogo wangu. Halafu ndipo milima na maji yake, kwa anayetaka. Karatasi za gari zikapatikana, lesepase zetu za kuvuka mpaka zikapatikana, mwezi ukaanza kunenepa. Nilimupigia mudogo wangu nikamwambia, fagia uwanja.

Mvua ikanyesha usiku, na siku ya pili yake, na usiku wake. Sijui niseme nini juu ya mvua hizi za siku hizi. Zamani ziwa lilijua nyumba yake. Sasa linaingia katika nyumba za watu, na mito inashuka na mawe kama vile imetumwa. Asubuhi ya kuondoka, mwanangu alikuja amevaa koti lake la kilio, uso umekunjamana.

"Mama, mulima umeanguka juu ya barabara, kupita Bujumbura. Gari hazipiti kwenda Rumonge."

Nilikaa juu ya gunia la muchele.

Mujukuu wangu alikuwa amekwisha kutoa telefone. Nilimuona anajizuia kufurahi, na hilo liliniumiza kuliko kama angepiga vigelegele.

"Koko, si tupite juu basi? Tupande milimani, tuteremke Rumonge kutoka upande wa pili. Barabara iko."

"Bila kusimama?"

"Ni mbali. Lazima tulale njiani. Na nilikuwa nimekwisha kusema na ile hoteli ya karibu na..."

"Ya karibu na nini?"

Hakumaliza. Lakini nilijua ni karibu na maporomoko. Nilisema hapana. Nilisema tutangoja barabara ifunguke, siku moja ao mbili. Mwanangu aliangalia mbingu.

Barabara haikufunguka siku ile wala iliyofuata. Walikuwa wanatoa udongo, na mulima unaleta mwingine. Mwezi ukajaa juu ya Kilibula, mweupe, bila kazi, ukatuangalia sisi na gari yetu iliyojaa muchele. Ukaanza kupungua. Mwanangu akavua koti la kilio akarudi kwa taa zake. Mujukuu akawa anakaa ndani ya gari mulango wazi, anasikiliza muziki, anahesabu konje yake inavyokwisha. Na minye nikarudi kwenye meza yangu, nikiuza ndagala kwa sauti mbaya hata wateja wakaniuliza kama naumwa jino.

Mudogo wangu akapiga.

"Yaya, mumefika wapi?"

"Niko Kilibula."

Nilisikia pumzi yake. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu, ningemujibu vizuri. Akaanza tu kuniambia habari za nyumbani, kama kawaida yake.

"Jana mukwe wangu alipita mbele yangu na nguo nyeusi. Minye nilifikiri mulango uko wazi, nikataka kutoka nje. Nilimupiga kichwa tumboni." Akacheka. "Vyeusi vyote vimekuwa giza moja. Kitu ninachoona bado ni njano. Kuna bidoni ya njano uani, ya maji, ile naiona. Asubuhi naiamkia kama muntu."

"Unaiamkia bidoni?"

"Niamkie nani? Njo inasimama pale."

Nilipomaliza kuongea naye niliingia ndani nikachukua kikwembe changu cheusi cha kilio, kile nilichokifua na kukikunja, nikakishika mbele ya dirisha. Nikaona vizuri kabisa jambo litakalotokea. Nitaingia katika lupango ya mudogo wangu nikilia kama inavyotakiwa, nimevaa kama inavyotakiwa, na yeye ataona mulango wazi.

Kule chini ya sanduku kulikuwa na kikwembe cha njano. Njano ya kupiga kelele, na maua makubwa. Mujukuu aliniletea kutoka Lubumbashi, nikamwambia asante, nikakificha, kwa sababu mwanamuke wa umri wangu hatembei amevaa jua. Nilikitoa.

Mwanangu alipokuja na ndagala za asubuhi alinikuta nimekivaa.

"Mama, kuna ndoa wapi?"

"Ni kwa kilio."

Aliweka beseni chini. "Minye njo nitasimama kusema maneno. Wakwe wataniangalia minye, kiisha watakuangalia weye. Nitasema nini? 'Tumekuja kulia na maua yetu'?"

"Utasema maneno ya kilio. Minye nitalia na sauti, silii na nguo."

"Koko iko na haki," mujukuu alisema kutoka mulangoni.

"Weye nyamaza!" nilimwambia. Kwa sababu ilinichoma kwamba yeye, aliyetaka kucheka kwenye maporomoko, leo ananitetea, na mwanangu anayejua desturi vizuri ananipinga kwa maneno yangu mwenyewe, yale yale niliyomufundisha. Ningekuwa mahali pake ningesema hivyo hivyo. Nilifunga kile cheusi kiunoni, juu ya njano, kama mukanda, nikamuuliza, "Hivi?"

Aliniangalia kutoka juu mpaka chini. "Unafanana na nyuki," alisema. Kisha akauliza, "Tunaondoka lini?"

"Mwezi haupo," mujukuu alimukumbusha. "Samaki iko mingi sasa."

"Wenzangu watashika taa," alisema, akaenda kutafuta koti lake.

Tuliondoka asubuhi yake. Nitasema kidogo tu juu ya barabara, kwa sababu sikuiangalia. Mujukuu wangu anaendesha vizuri, alipita mpaka na watu wa mpaka kwa maneno matamu na Kifaransa cha kutosha. Tulipita karibu na lile jiwe la Wazungu wake, nikaona shingo yake inageuka kidogo, kisha ikarudi. Hakupunguza mwendo. Hilo nililiona.

Pahali mulima ulipoanguka, gari zilikuwa zimesimama musururu mrefu. Watu walikuwa wanashuka na kuvuka kwa miguu juu ya udongo, halafu wanapanda gari zingine upande wa pili. Gari haipiti, walituambia. Pengine kesho. Nilikuwa nimesikia "pengine kesho" ya kutosha. Mujukuu aliangalia ile gari ya rafiki yake, ambayo ndiyo ilikuwa safari yake yote, maporomoko na Nili na maji ya moto. Akaiacha katika lupango ya mama mmoja wa hapo aliyekubali kuitunza, akavua viatu vyake vyeupe, akanishika mukono. Mwanangu akatia gunia kichwani. Nilivuka udongo ule nimevaa njano, tope mpaka magotini, na vijana wa pale wakaniita, "Mama bibi harusi, bwana yako amekukimbia wapi?" Nikawaambia, "Yuko mbele, amekufa." Wakanipisha.

Rumonge tulifika na gari ya watu, jua linakwenda kulala upande wa kwetu. Barabarani, kabla ya uzio, nilianza kulia. Nilifikiri ingebidi nitafute kilio, baada ya hasira zote zile. Sikukitafuta. Kilitoka chenyewe, na nikataja jina la marehemu, na urafiki wake, na samaki aliotutumia, na mpaka uliofungwa. Watu wakatoka. Nikaona macho yao yanashuka kwenye maua yangu, yanapanda, yanashuka tena. Mwanangu alikuwa nyuma yangu na gunia, kichwa chini.

Mudogo wangu alikuwa ameketi kwenye mukeka, mgongo ukutani. Aliinua uso.

"Nani alitembeza bidoni?" alisema.

Kisha akatambua sauti yangu. Nilipiga magoti mbele yake nikaendelea kulia, kwa maana hairuhusiwi kukata kilio. Alinishika masikio mawili kama tulivyokuwa tunashika mutoto anayekataa dawa, akauvuta uso wangu mpaka pua zikagusana. Aliuangalia. Aliugeuza kwenye mwanga, upande huu, upande ule, na minye nalia tu, kamasi na vyote.

"Umezeeka vibaya, yaya," alisema. "Pua tu njo imebaki."

Ndipo na yeye akaanza kulia, na wanawake wote wakajibu. Mwanangu akasimama mbele ya wakwe akasema maneno. Aliyasema vizuri. Juu ya kikwembe changu hakusema kitu, na hakuna aliyemuuliza. Kisha wakaniletea maji, nikanywa.

Siku ya pili mujukuu wangu akatoa telefone tena. Mutoto huyu hakati tamaa. Kuna pikipiki, alisema, kuna mabasi madogo, maporomoko hayako mbali sana. Nikamwambia nenda, nenda na mujomba wako, kilio kimekwisha, cheka mpaka ushibe. Mwanangu akaenda anagombana kuhusu kofia. Baadaye picha ikaingia kwenye simu ya nyumbani.

"Ni nini?" mudogo wangu aliuliza.

"Maji. Yanaanguka."

"Kiisha?"

"Kiisha hakuna. Yanaanguka."

"Aa."

Tulikuwa tumekaa ufukweni, juu ya mukeka, minye bado na njano yangu maana alinikataza kuivua. Ng'ambo ile si Uvira, ni milima ya Ubwari; Uvira iko juu huko mbali. Lakini ni Kongo.

"Unaona kwetu?" aliniuliza.

Niliangalia sana. Ukungu ulikuwa umeketi juu ya maji toka asubuhi, mzito, hakuna mulima, hakuna hata mustari.

"Sioni kitu," nilisema.

"Basi tuko sawasawa," alisema, akasogea nipate nafasi ya kunyoosha mguu.